Boti gani ununue kwa familia, ya kutembelea na kuvulia: mpangilio wangu kwa bahari yetu ya Unguja na Pemba

Wenzangu, mtu akishika pesa kidogo tu swali linakuja lile lile, ninunue boti gani, leo niwapeleke watoto kisiwani Misali na kesho niende zangu kuvua? Na majibu anayopewa yote ya mashine, oo tia ya nguvu farasi sitini, oo funga mbili. Mie nasema anza na mwili wa boti, mashine baadae, na mwili wenyewe uchague kwa ajili ya safari ya kurudi sio ya kwenda, mana asubuhi bahari yetu imelala na kila chombo kinapita.

Nlijifunza Julai moja. Tulitoka bandari ya Wesha, Pemba, kwenda Misali na kiboti cha futi 16, bapa chini, watoto wanne na mama yao, kwenda raha tupu. Saa tisa tunarudi kusi (upepo wa kusini) imeshapanda, sie tunaelekea mashariki kwa hivyo wimbi linatupiga omo, mbele ya boti, upande wa kulia, kila pigo maji yanaruka yanatumwagikia mapajani, mdogo kashika ubao mpaka vidole vimekakamaa na mama yake anateka maji na kopo la maziwa bila kusimama. Tulifika alhamdulillah, lakini yule mtoto mpaka leo ukimwambia Misali anauliza kwanza upepo ukoje.

Sasa jambo la pili kabla ya kupanga, maji yetu yanatoka. Bamvua, siku za maji makubwa, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4, boti ulioiacha inaelea unaikuta imekaa mchangani, na wengi wetu hatuna gati tunatia nanga ufukweni. Kwa hivyo boti yenye tumbo kali la ncha, ambayo kweli inakata wimbi vizuri, maji yakitoka inalala ubavu na vitu vyote vinamwagika, na ile bapa inakaa wima lakini ukiwa na wimbi inakupiga mgongo mpaka kiuno kinauma. Unaotaka ni wa kati, omo iwe kali na ndefu iliyonyanyuka, kisha tumbo linakuja linalainika kuelekea nyuma.

Namba moja kwangu, na sina shaka, boti ya faiba ya wazi futi 21 mpaka 23, pana ya kutosha watu wawili wakae mbavu moja isiiname, na mashine moja ya kufunga nyuma. Ni ndugu wa hizi boti za faiba walizogaiwa wavuvi na wakulima wa mwani kwenye mpango wa uchumi wa buluu, kwa hivyo mafundi wa kuziba faiba sasa hivi wapo. Ndani iwe wazi, mabenchi mawili, kivuli cha turubai kinachokunjika (jua letu na watoto hamtowezana bila kivuli), sanduku la samaki lenye barafu, na nyuma pabaki nafasi ya mtu kusimama akarambaza (kuburuta mshipi boti ikienda) nguru na jodari bila kukanyaga mguu wa mtu. Ukitaka changu na chewa unatia nanga unashusha mshipi, boti hiyo hiyo. Uzuri wake wa kweli ni huo, hubadilishi kitu, unatoa mto wa kukalia unatia ndoo ya chambo.

Namba mbili, na hapa najua ntabishiwa, boti ya mbao ya Nungwi iliyochongwa kwa ajili ya mashine. Mbao nzito inatulia baharini kuliko faiba, watoto hawatapiki ovyo, na fundi unamuagizia unavyotaka, omo ipandishe, ubavu ongeza ubao. Lakini mbao inataka mtu wa kuipenda, kalafati (kuziba nyufa za mbao) kila baada ya muda, kuipandisha juu na kuichoma chini kwa makuti wadudu wanaotoboa wafe, kupaka, ukisafiri miezi mitatu ukarudi utaikuta imekunywa maji. Kama uko kazini mjini na boti unaiona Jumapili tu usiichukue, utaiua na roho itakuuma. Ukikaa pwani ichukue.

Tatu ni zile za mtumba kutoka Japani au Dubai, zenye kichumba mbele. Mama watoto akiiona anaipenda siku ile ile, kuna pa kulaza mtoto na pa kubadilisha nguo. Sizikatai, ila nyengine zina mashine ndani na shafti chini, na rafadha (panga linalosukuma boti) inayotokeza chini ya boti kwenye maji yanayotoka kama yetu ni ugomvi wa kila siku, basi ukichukua chukua yenye mashine ya nyuma unayoinyanyua. Na nafasi ya kuvulia inakuwa finyu, chumba kimekula nusu ya boti.

Zile spidi za kung'ara zenye viti vya ngozi pande zote na nyuma fupi, mie nnaziweka mwisho. Ni za ziwani. Ubavu mfupi, wimbi la nyuma linaingia ndani, na ndoana ikinasa kwenye kile kiti ndio basi.

Mashine. Kwa futi 22 na watu sita, farasi 40 inatosha kutembea na 60 inatosha kurudi na kusi. Stroki mbili kama Yamaha Enduro kila bandari ina fundi wake na spea, nyepesi, inavumilia, lakini inakunywa na ina moshi. Stroki nne inakula kidogo na mnasikizana mkizungumza, ila oili ibadilishwe ya kwanza saa 20 kisha kila saa 100, usiruke. Hesabu ya mafuta ni theluthi kwenda, theluthi kurudi, theluthi haiguswi. Ukirudi suuza mashine kwa maji baridi ya bomba, kila siku, hata umechoka vipi. Na kama pesa zinabana punguza ukubwa wa mashine kubwa ubakishe mashine ndogo ya akiba ya farasi 8 au 10, hiyo ndio itakayokurejesha ikizima katikati ya mkondo.

Ukinunua iliyotumika, hapa ndio watu wanaliwa. Mie nshauziwa boti rangi mpya inang'aa, ubao wa nyuma unaobeba mashine umeoza wote ndani ya faiba, nikagundua mwezi wa pili. Sasa nafanya hivi, nagonga kwa sarafu kutoka pembe moja mpaka nyengine, palipo pazima panalia kavu "ko ko", palipooza panakufa sauti kama unagonga mkate. Kisha mashine inyanyuliwe, nashika mguu wake nauminya chini kwa nguvu huku mwenzangu anatazama ule ubao, ukicheza tu naondoka. Naangalia na matundu ya bolti, ukiona maji ya kahawia yanatoka pole pole usidanganywe kwamba ni kutu tu, ni ubao unaoza. Na itazame inaelea wapi ikiwa tupu, ikizama kuliko alama yake ya zamani basi foamu ya ndani imelewa maji.

Karatasi za usajili tazama za Mamlaka ya Usafiri Baharini, ZMA, na namba zilingane na za kwenye mwili. Laifu jaketi moja kwa kila mtu na za watoto ziwe za watoto, sio kubwa zinazomtoka kichwani, tuliyoyaona Septemba 2011 na Julai 2012, zilipozama MV Spice Islander na MV Skagit, yanatosha. Redio ya VHF (ya mawasiliano ya baharini) nayo nunua, chaneli 16 ndio ya kuombea msaada.

Na majaribio usikubali kufanyiwa asubuhi. Mwambie muuzaji tukutane saa kumi alasiri, kusi ikiwa imeamka, mtoke nje ya mwamba mwende na wimbi, mkate ubavu, mrudi uso kwa uso nalo, na mama watoto awemo ndani. Akishuka amekunja uso, mrejeshee mtu funguo zake.