Kliniki ya meno Ngamiani: nimesafisha meno na mimba yangu

Fizi zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki, na mimba ina miezi mitano. Daktari, mama mmoja mpole, alinikwangua ugaga taratibu, kanilaza kiubavu kidogo nisibanwe pumzi. Nikamuuliza kama fizi mbovu huleta uchungu kabla ya wiki 37. Hakunitisha: utafiti wa Marekani wa 1996 uliona uhusiano, ila jaribio kubwa la 2006 lilionyesha kutibu fizi ukiwa mjamzito hakupunguzi kuzaa njiti. Ni salama tu, na fizi zinapona. Hapo ndipo aliponikosha. Mwingine angeniuzia hofu na dawa ya kusukutua juu. Foleni sasa, balaa! Na feni ya mapokezi haizunguki. Nendeni asubuhi.