Chupa ya vijidudu kutoka Kariakoo: ipe mboji, si mchicha

Nalima mchicha na matembele Kibada, Kigamboni, kwenye mchanga ambao ukiumwagilia asubuhi, saa sita hauna hata dalili ya maji. Ndiyo maana kijana wa duka la pembejeo Kariakoo aliponiwekea mezani chupa ya lita moja ya maji ya kahawia, shilingi 18,000, nilimuuliza maswali mpaka akachoka.

"Dada, hii ni mbolea ya maji, mchicha wako utakushangaza."

Si mbolea, mdogo wangu. Lebo yenyewe imetaja bakteria wa asidi ya laktiki, hamira na bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Nitrojeni haikutajwa popote. Mchanganyiko wa namna hii ulianza kwa Profesa Teruo Higa, Okinawa, Japani, miaka ya 1980, na umesifiwa hadi kupitiliza. Vijidudu vinakula mabaki na kuyavunja, mmea unapata kilichoachiliwa. Kwenye mchanga mtupu vitakula nini?

Kuviamsha kunataka subira. Sehemu 1 ya chupa, 1 ya molasi, 20 za maji. Molasi utaipata kwenye maduka ya vyakula vya mifugo. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, klorini ipungue, maana kazi yake ni kuua vijidudu hivyo hivyo unavyovilipia. Jaza dumu la plastiki (chupa ya kioo usithubutu), weka kivulini, na kila siku legeza kifuniko gesi itoke. Baada ya wiki hivi harufu inakuwa kama togwa iliyochachuka. Ikinuka uozo, mwaga.

Niligawa matuta matatu. Tuta la dawa hii ya vijidudu peke yake lilitoa mchicha mwembamba, wa njano, hata kuku wangu waliudharau. La samadi na la samadi pamoja na dawa, mama anayenunua mafungu kwangu alishindwa kuyatofautisha, na yule jicho lake halikosei. Sikushangaa sana. Watafiti wa Uswisi walijaribu shambani kuanzia 2003 hadi 2006, wakaona nafuu iliyojitokeza ilitokana na vitu vilivyobeba vijidudu, si vijidudu vyenyewe.

Ila kwenye mboji nimeikubali. Nilirundika mbolea ya kuku yenye maranda, maganda ya mihogo na majani makavu, nikanyunyizia dawa iliyochanganywa na maji, nikafunika kwa turubai. Rundo la pili sikulinyunyizia kitu. Lile la kwanza ule ukali wa kuwasha macho ulipungua mapema na nzi wakawa wachache, jambo ambalo jirani yangu wa ukutani amelipokea vizuri kuliko mimi. Mboji hiyo ndiyo inayoshika maji kwenye mchanga wetu.

Duka lenyewe? Kijana ni mchangamfu na risiti alinipa bila kuombwa, lakini chupa za mbele zinapigwa na jua mchana kutwa. Omba ya ndani, soma tarehe ya mwisho kabla ya kulipa. Akikuambia unyunyizie kwenye majani badala ya kuweka samadi, mwitikie tu, kisha pitia kwa wafuga kuku ukachukue viroba vyako.