Fundi wa maikrowevu Mwanakwerekwe, huyu anapima kwanza ndo anasema

Jamani wenye maikrowevu Unguja hii, ikiacha kupasha msikimbilie kutupa. Yangu ilikuwa taa inawaka, sahani inazunguka, feni inavuma, lakini biriani likiingia baridi linatoka baridi vile vile, na mie pale mgahawani mchana ndo tegemeo langu, watu wa maofisini wanamiminika saa saba wote kwa pamoja hakuna anaetaka kusubiri jiko. Nkaipeleka kwa fundi mmoja mjini simtaji, hata skurubu hakufungua, kagonga ubavuni mara mbili akanambia imekufa hiyo dada, niachie nikupe elfu kumi ya skrepa. Nkaibeba nkaondoka nayo.

Shoga yangu ndo akanielekeza fremu moja nyuma ya soko la Mwanakwerekwe, kibao haina, utaijua kwa mafeni na mablenda yaliyopangwa barazani. Mwenyewe mtu mzima, wote pale wanamwita Ami na mie nkamwita hivyo hivyo.

Kwanza akachomoa waya ukutani, akafungua kifuniko, halafu akatuambia sote turudi nyuma. Nkadhani anataka mwanga tu. Kumbe mle ndani mna kapasita, mkebe mdogo wa bati, umeme unabaki umekaa humo hata waya ukiwa umechomolewa, volti elfu mbili na kitu, unaua mtu. Akautoa kwanza umeme ule na chombo chake, ndo akaingiza mikono. Kwa hilo tu mie nlishamuamini, na nawaambieni kwa dhati musifungue hivi vitu nyumbani na bisibisi ya jikoni, wala usimwachie kijana wa mtaani ajaribu.

Akapima diodi, kile kidude kinachopitisha umeme upande mmoja tu, akapima kapasita, zote nzima. Akaeka mita kwenye miguu miwili ya magnetroni, ndo kile kidude kinachotoa mawimbi ya kupashia, akaniita nitazame, "Hapa mwanangu ilitakiwa isome chini ya omu moja, tazama, haisomi kitu, uzi wa ndani umekatika, kama globu." Hapo ndo akasema spea gani inatakiwa na bei yake.

Mie nkamuuliza hiyo magnetroni ndo kitu gani hasa, maana akiishika mkononi haizidi ngumi ya mtu mkubwa, na ndiyo inayopasha kila kitu. Wateja wanne wanasubiri na bado akanieleza. Katikati mna uzi unaopata moto mpaka unatoa elektroni, pembeni mna duara la shaba lenye vyumba vyumba, na umeme wa kama volti elfu nne unazivuta elektroni ziende kwenye ile shaba. Sasa juu na chini mna sumaku mbili za duara, hizo zinazipinda njia, badala ya kwenda moja kwa moja zinazunguka zikipita kwenye midomo ya vile vyumba, na vyumba vinalia kama unavyopuliza mdomo wa chupa, ila mlio wenyewe si sauti ni mawimbi, mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Vile vibati vyembamba vilivyopangwa pembeni ni vya kutolea joto, kwa sababu si umeme wote unageuka mawimbi, kiasi chake kinabaki joto tu humo humo.

Nlivyorudi nyumbani nkasoma zaidi, nkaona magnetroni ile ya vyumba ilitengenezwa Birmingham Uingereza mwaka 1940 na John Randall na Harry Boot, kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer wa Raytheon kule Marekani akaona peremende imemyeyukia mfukoni karibu na mtambo wenye magnetroni, ndo likaja wazo la kupashia chakula, na jiko la mwanzo la kuuzwa mwaka 1947 lilikuwa refu kama mtu na uzito wake zaidi ya kilo 300. Sasa hivi mie naibeba peke yangu kwenye daladala.

Sababu ya yangu kuungua pia alinionesha. Kile kikaratasi cha maika kilichoko ndani ubavuni, kinachofunika tundu la kutokea mawimbi, kilikuwa kimeganda mafuta mpaka kimeungua rangi nyeusi, na matundu ya nyuma nlikuwa nimeyabana na ukuta, hewa haitoki. Maika akakata mpya akanieekea, akanambia nifute kila jioni, na nisiiwashe tupu, mawimbi yakikosa chakula cha kuyanywa yanarudi kulekule yalikotoka.

Ila sasa, siku kumi na mbili nlisubiri, spea inatoka Dar na boti, na ahadi ya mwanzo ilikuwa siku tano. Hilo lilinikera, angenambia ukweli mapema ningeazima nyingine. Risiti hana, anaandika kwenye daftari lake, dhamana ya miezi mitatu ni ya mdomo. Nimelipa magnetroni 45,000, ufundi na maika 15,000, na mpya kama yangu madukani nliambiwa 220,000.

Kilichonifurahisha zaidi ni alivyonikabidhi. Katia lita moja ya maji kwenye bakuli, kapima joto digrii 28, kawasha sekunde 60 kamili, kakoroga kapima tena, 38. Digrii kumi, akanambia hiyo ni kama wati 700, sawa na ilivyoandikwa mlangoni. Mambo ya "itakuwa sawa tu inshallah" kwake hakuna.

Magnetroni ya zamani akanirudishia kwenye mfuko nione ndo hiyo hiyo aliyotoa, akanikataza watoto wasiipasue ile kauri, maana baadhi yake, hasa za zamani, zina beriliamu, vumbi lake sumu kwenye mapafu. Mkienda nendeni asubuhi, Ijumaa hafungui, na chukueni sahani ya kioo na kile kigurudumu cha chini yake, bila hivyo hajaribu.