Tyubu za saileji geji 1000: kwa mwenye ng'ombe wachache, nunua

Kama uko na ng'ombe wawili watatu, achana kwanza na mambo ya kuchimba shimo la saileji (majani ya mifugo yanayofungiwa bila hewa yachache, yasioze), nunua tyubu, yaani mfuko mrefu wa plastiki wa kuyafungia. Niko huku Nyandarua, na kiangazi cha Januari kikishika nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, inakauka yote, bei ya nyasi kavu inapanda, na hizi tyubu ndizo zinanishikia maziwa yasishuke.

Ni polithini nzito inauzwa kwa mita pale agroveti. Ikilala ina upana wa kama mita 1.5, ukikata mita 2.5 hivi ukaijaza sawasawa unapata kitu kilo 400 hadi 500. Sababu inashinda shimo kwa sisi wadogo ni hii: shimo ukishafungua hewa inaingia uso mzima, na ng'ombe wawili hawawezi kula haraka kushinda uozo. Tyubu unafungua moja tu, zile zingine zimelala salama.

Lakini itisha geji 1000, yaani unene wa maikroni 250, na uiguse mwenyewe kabla ya kulipa. Kuna duka moja liliniuzia nyembamba likaapa ni geji 1000, kumbe ukiivuta na kidole gumba inanyooka, bua moja la mahindi likaitoboa ubavuni na nikafungua nikapata ukungu mweupe na wa kijani umekula hadi katikati. Yote nikatupa. Watu wengi wanakwangua ukungu wa juu wanalisha iliyobaki, tafadhali usifanye hivyo, kwa sababu sumu ya aflatoksini inapita kwa ng'ombe hadi kwa maziwa na hata ukichemsha haitoki, na hayo maziwa ndiyo watoto wanakunywa.

Kujaza ndiyo kazi yenyewe. Mahindi kata wakati ukiminya punje inatoa uji mzito, si maji na si unga, halafu pitisha kwa chafkata, ile mashine ya kukatakata majani, vipande viwe sentimita 2 au 3, vikiwa virefu havishikani. Funga upande mmoja na blada (ukanda wa mpira) kabisa, weka kidogo kidogo, mtu mmoja aingie ndani akanyage, hasa pembeni kabisa pale polithini inagusana na majani, hapo ndipo hewa hujificha na hapo ndipo ukungu huanzia. Ikishashiba ukiigonga na ngumi inatakiwa iwe ngumu. Nepia nayo kata ikiwa kama mita moja, iache inyauke kidogo, na umwagie molasi iliyochanganywa na maji kwa sababu sukari yake ni kidogo, mahindi hayahitaji hiyo.

Ngoja siku 30 ndio ufungue. Iliyoiva ina rangi ya manjano kijani na harufu ya uchachu mtamu inayokufanya utake kuonja, ikinuka siagi iliyooza ujue uliweka majani mabichi sana, ikiwa nyeusi inanuka tumbaku ilipata joto. Anza na kidogo ndio ng'ombe azoee, na umpe baada ya kukamua, harufu isiingie kwa maziwa. Bado mpe nyasi kavu pia.

Ubaya wake? Panya. Ziinue juu ya mbao, fyeka majani yote karibu, na ukiona tundu piga selotepu nzito siku hiyo hiyo usingoje kesho. Pia ikishajaa haibebeki, kwa hivyo ijazie pale pale itakapolala, chini ya kivuli. Na usitegemee kuitumia mwaka wa pili, nyingi hutoka na vitundu hata kama huvioni.

Kwa ng'ombe kumi na kuendelea shimo ndilo lina maana, maana kazi ya kukanyaga tyubu moja moja itawamaliza watu na ng'ombe wako wanamaliza uso wa shimo haraka. Chini ya hapo, nyota nne kati ya tano, hiyo moja imeliwa na panya.