Uzoefu wangu: chuo cha milimani Kentucky na lile dirisha la msaada wa masomo

Naanza na dirisha, maana ndilo lililonifanya niandike. Nasoma chuo kidogo cha binafsi huku milimani, mashariki mwa Kentucky. Jina lake nalihifadhi. Kwenye jengo la utawala kuna dirisha la ofisi ya msaada wa masomo, na nyuma yake anakaa mama mmoja ambaye nikimkumbuka hadi leo damu inanichemka.

Ilikuwa mwanzoni mwa muhula. Nafungua akaunti nisajili masomo, nakuta imefungwa. Deni la muhula mzima limeandikwa pale, ruzuku hakuna hata senti. Nikaenda kuuliza. Yule mama hakuitikia salamu. Alitazama jina langu, akanitazama usoni, akasema wanafunzi wa kigeni hawapati fedha za serikali, nilete viza yangu. Nikamweleza kwamba sina viza, mimi ni mkimbizi, familia yetu ililetwa Marekani kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tunaishi Lexington, hapa hapa Kentucky, na sekondari nimemalizia pale pale. Nikamtolea karatasi ya I-94, ile rekodi ya kuingia nchini, inayoonyesha hivyo. Hakuigusa. Akasema fedha hizi ni za watoto wa milimani hapa, tena kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia.

Ndugu zangu, shikeni hili. Aliyeingia Marekani kama mkimbizi anaruhusiwa kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu kama raia anavyoomba. Si hisani ya mtu. FAFSA, yaani fomu ya kuombea msaada huo, yenyewe ina sehemu ya asiye raia lakini anastahili. Pell Grant, ruzuku ya serikali kuu ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2024-25, inaangalia hali ya kipato cha nyumbani, haiulizi ulizaliwa bonde gani. Kuna pia KTG, ruzuku ya jimbo kwa wakazi wa Kentucky wanaosoma vyuo binafsi. Baba yangu anafanya kazi usiku Kentucky na kodi anaikatwa Kentucky. Mtu anayelipwa mshahara kukaa dirisha lile anatakiwa ayajue haya hata akiamshwa usiku wa manane!

Zikafuata wiki za njoo kesho, mkubwa hayupo, tuma nakala upya. Naingia darasani, jina langu halimo kwenye orodha. Na ni katika kipindi hicho hicho profesa wetu wa historia alipotufundisha habari za Berea, chuo kilichoanzishwa mwaka 1855 na mhubiri mpinga utumwa, John G. Fee. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kilisomesha weusi na weupe pamoja, mpaka Kentucky ilipotunga sheria mwaka 1904 ya kuwatenganisha, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiidhinisha mwaka 1908. Nilikuwa naandika maelezo hayo huku sijui kama kesho nitaruhusiwa kukaa kwenye kile kiti. Nililia chooni.

Profesa huyo huyo ndiye aliyeniokoa. Darasa lake ni dogo, anamjua kila mtu, na jina langu analitamka sawasawa. Alipoona sina kitabu aliuliza, nikamweleza yote, akaniongoza moja kwa moja hadi kwa mkuu wa wanafunzi na hakuondoka. Jioni ile ile akaunti ikafunguliwa. Jioni moja tu! Kumbe ilikuwa kazi ya jioni moja. Pole sikuipata mpaka leo.

Nilitaka kuwaambia msikanyage huku. Lakini nitakuwa nawadanganya kuhusu walimu. Nilikuja kusoma biolojia, wakanisomesha na falsafa, muziki na jiolojia ya milima hii tunayoiona dirishani, na sasa sitaki kuacha hata kimoja. Mwenzangu wa chumba alinichukua kwao wakati wa likizo fupi. Mama yake alitupikia maharage na mkate wa mahindi, na babu yake, aliyechimba makaa ya mawe maisha yake yote, alinisimulia habari za migodi huku akikatisha kila sentensi kutafuta pumzi, kwa ajili ya vumbi lililomjaa mapafuni.

Na huyu mwenzangu, mtoto wa milimani hasa, wa kwanza kwao kufika chuo, aliniambia na yeye hulitetemekea lile dirisha. Mgodi alikokuwa baba yake ulipofungwa, kipato kikabadilika, yule mama alimdai karatasi juu ya karatasi mbele za watu hadi akakaribia kuacha masomo. Sasa hizo fedha ni za nani? Chuo kinajitangaza kwamba kipo kwa ajili ya watu wa milima hii, halafu mlangoni kimemweka mtu wa kuwadhalilisha hao hao. Niliposikia hivyo hasira yangu ikazidi, si kupungua.

Juzi mama aliniuliza kama mdogo wangu, anayemaliza sekondari, aombe hapa. Nilisema hapana kabla hajamaliza swali. Baadaye nikampigia tena, nikamwambia aombe, ila siku ya kwenda dirishani nitakwenda naye mimi, na mkuu wa wanafunzi atakuwa ameshapata barua yangu, nakala kwa rais wa chuo.