Nilivyouza bango la Ali na Foreman mnadani, na makato niliyokutana nayo

Bango la marehemu mjomba lilikaa miaka nyuma ya kabati la mama, limekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuchanika. Ni la pambano la Muhammad Ali na George Foreman, Kinshasa, na tarehe yake ni 25 Septemba 1974. Pambano lenyewe lilipigwa 30 Oktoba, kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini. Tarehe hiyo ya kwanza ndiyo iliyofanya nyumba ya mnada hapa Marekani inijibu siku ileile.

Mkataba ulikuwa wa kurasa sita. Nilisoma wa kwanza, kamisheni ya muuzaji asilimia 15, nikasaini. Nyundo iligonga kwenye dola 800, yaani hilo ndilo lilikuwa dau la mwisho. Wiki sita baadaye ikaja karatasi ya malipo: toa 120 za kamisheni, toa 50 za mtaalamu aliyethibitisha kuwa bango si bandia, toa 20 za picha ya katalogi. Zikabaki 610.

Kasheshe ikaanza nyumbani. Mdogo wangu aliingia kwenye tovuti yao akakuta bango limeuzwa dola 960. Akanipigia: "Dada, mbona ulituambia 610?" Iliniuma sana. Fedha ilikuwa ya watoto wa mjomba, na mimi jibu sina.

Niliwapigia watu wa mnada. Kumbe bei wanayotangaza imeshajumlisha kamisheni ya mnunuzi, asilimia 20 juu ya bei ya nyundo. Ndivyo biashara hii inavyokwenda. Kadi ya 1952 ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli wa Marekani, iliyotangazwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6, nyundo yake iligonga kwenye milioni 10.5. Nyumba kubwa za mnada, Christie's na Sotheby's, zilianza kumtoza mnunuzi mjini London mwaka 1975, asilimia 10; wafanyabiashara wa sanaa wakaja juu, lakini ada ikabaki na baadaye ikapanda.

Wakaniambia asilimia 20 hiyo hainihusu, mlipaji ni mnunuzi. Sikubali hata kidogo. Mtu mwenye dola 960 anajua kamisheni inamsubiri, kwa hiyo dau lake linaishia 800. Dalali wa nyumba Dar akidai kodi ya mwezi mmoja, mpangaji huiingiza kwenye hesabu kabla hajaafikiana na mwenye nyumba. Kwa kamisheni za pande zote mbili, bango la mjomba liliwaingizia dola 280, mbali na zile 70 za picha na uthibitisho.

Na hiyo asilimia 15 haikuwa sheria! Mwenye mzigo mkubwa mara nyingi hatozwi kitu, na mwenye kitu kinachogombaniwa na nyumba kadhaa huweza hata kugawiwa sehemu ya kamisheni ya mnunuzi. Kiwango kilichochapwa ni cha sisi wenye kitu kimoja, tusiouliza. Naelewa kwamba kupiga picha, kuandika maelezo na kufungasha bango la dola 800 kunakula muda uleule kama la 8,000. Basi waniambie hivyo kabla sijasaini.

Kwa haki yao, picha zilikuwa safi, mikunjo yote waliieleza bila kuficha, na fedha iliingia siku waliyoahidi. Nawapa nyota tatu.

Tiketi ya pambano hilohilo, ambayo haikuwahi kuchanwa, niliipeleka nyumba nyingine. Safari hii niliuliza kwanza: kamisheni yangu inashuka hadi ngapi, picha analipa nani, na isipouzwa nitadaiwa nini? Kutoka asilimia 15 walishuka hadi 5, picha bure, isipouzwa sidaiwi. Nyundo iligonga kwenye 450, tovuti ikaandika 540, nikalipwa 427.50. Kabla ya kutuma fedha niliziandika namba zote tatu kwa kalamu pembeni mwa mkataba, nikapiga picha, nikawatumia watoto wa mjomba.