Kabini ya Trekta: Sponji au Mkeka Mzito wa Mpira?

Ukitaka kupunguza kelele ndani ya kabini ya trekta, vitu viwili hutumika: sponji au mkeka mzito wa mpira. Sponji ni nyepesi, hukatwa kwa kisu na kubandikwa kwa gundi hata kwenye dari. Humeza mwangwi na sauti kali, lakini ngurumo ya injini huipenya kama vile haipo. Tena ile yenye vitundu wazi hunywa maji na mafuta; ikishalowa dizeli, ni hatari ya moto.

Mkeka mzito wa mpira ndio ninaouamini kwa sakafu na ukuta wa upande wa injini. Uzito wake huzuia ngurumo, na bati halitetemi ovyo. Kuukata kunachosha, lakini.

Kabla ya chochote, ng'oa kapeti kuukuu, kwangua kutu, paka rangi, kisha ziba matundu ya nyaya na yale ya pedali. Upenyo mdogo tu hupitisha kelele nyingi ajabu. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi: desibeli 85 kwa saa 8 kila siku tayari ni hatari, na kila zikiongezeka 3, muda salama hupungua nusu. Pesa zikitosha kimoja tu, nunua mkeka. Sponji ya dari itasubiri.